Wanamaji wasio na bahari: jeshi la Malawi linamlinda nani?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni dereva wa lori, mwenyeji wa Kyela, napeleka mizigo Malawi kupitia Kasumulu, huu mwaka wa nane. Juzi nilishusha mbolea Mangochi, nikazungukia Monkey Bay, nikakuta vijana wa jeshi la majini na boti yao ya kijivu gatini. Nikacheka peke yangu. Nchi haina bahari, wanamaji wa nini? Kurudi, nikapita Mzuzu nikaona kambi imeandikwa Moyale, jina la kule Kenya. Nieleze: jeshi la wale jamaa lina ukubwa gani, linamlinda nani na nani, na mambo ya mpaka wa Ziwa Nyasa yakichafuka sisi wa mpakani tujiandae vipi? Na hiyo Moyale ilifikaje Mzuzu?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usione haya kwa kucheka. Wanafunzi wangu nao hucheka mara ya kwanza, halafu nawapa ramani. Ila kabla hatujafika gatini Monkey Bay, tuanze na lori lako, maana sehemu kubwa ya jibu umekuwa ukiiendesha mwenyewe miaka minane.

Malawi ni nchi ndefu na nyembamba, kilomita za mraba 118,000 na ushei, na eneo kubwa la hizo ni maji. Kaskazini mnapakana nao ninyi, magharibi ni Zambia, na sehemu yote ya kusini imezungukwa na Msumbiji pande tatu. Petroli ya Lilongwe, mbolea ya Kasungu, dawa za hospitali ya Zomba, vyote vimeshukia kwenye gati la mtu mwingine: Beira, Nacala, Dar es Salaam au Durban. Ofisa wa mipango wa jeshi lao akikunjua ramani, kidole chake hakianzii mpakani. Kinaanzia bandarini, ugenini, kinafuata reli na barabara hadi nyumbani, na kila penye daraja kinasimama. Nchi yenye pwani inaweza kujifungia ndani ikamsubiri adui. Malawi ikijifungia ndani, vituo vya mafuta vinakauka kabla adui hajaonekana.

Hayo yaliwahi kuwakuta. Miaka ya 1980 waasi wa Renamo wa Msumbiji walilivunja daraja la Dona Ana, lile la reli linalovuka Zambezi pale Sena, lenye urefu wa zaidi ya kilomita tatu. Njia ya Beira ikafa. Reli ya Nacala, ambayo kutoka Blantyre ni kama kilomita 800 tu hadi baharini, nayo ikafungwa na vita hivyohivyo. Mizigo ya Malawi ikaanza kuzunguka Zambia na Zimbabwe hadi Durban, safari inayozidi kilomita 3,000. Madereva wa rika la baba yako waliokata kona kwa kupitia Tete, ndani ya Msumbiji, walikwenda kwa msafara, wakisindikizwa na askari wa Zimbabwe, huku kando ya barabara kukiwa na malori yaliyoungua ya wenzao waliotangulia. Wewe unalalamika foleni ya Kasumulu.

Hapo ndipo utata wa Rais Kamuzu Banda unapoingia. Tangu 1967 alikuwa na ubalozi na serikali ya makaburu wa Afrika Kusini, peke yake katika Afrika huru. Makaburu hao ndio waliokuwa wakiwapa Renamo silaha. Viongozi wa nchi za mstari wa mbele, zile zilizowapinga makaburu, wakaamini kwamba Renamo wanapita na kujificha katika ardhi ya Malawi, yaani Banda anawafuga watu walewale wanaomkatia njia yake mwenyewe ya baharini. Septemba 1986 Samora Machel wa Msumbiji, Kenneth Kaunda wa Zambia na Robert Mugabe wa Zimbabwe walimfuata Blantyre, wakamweka kitako. Machel alipotoka huko alisema waziwazi kwamba ataweka makombora mpakani na kuufunga mpaka kama Malawi haitabadilika. Mwezi uliofuata Machel alikufa katika ajali ya ndege, lakini ujumbe ulikuwa umefika. Desemba Malawi na Msumbiji zilitia saini makubaliano ya usalama, na 1987 mamia ya askari wa Malawi wakavuka mpaka kwenda kulinda reli ya Nacala.

Tafakari hilo kidogo. Vita ya kwanza ya jeshi la Malawi huru nje ya nchi ilipiganwa kwenye tuta la reli, katika nchi ya watu, kulinda mabehewa. Askari walikaa wakiwaangalia mafundi wakibadilisha mataruma, wakashambuliwa, wengine hawakurudi. Wakati huohuo wakimbizi wa Msumbiji waliokimbilia Malawi walikuwa wakielekea milioni moja, katika nchi ambayo yenyewe haikuwa na watu milioni kumi. Kwa hiyo ukiniuliza linamlinda nani, jibu langu la kwanza ni hilo tuta. Jibu la pili liko nyumbani, na kwa maoni yangu ndilo zito zaidi.

Jeshi la Malawi ni mtoto wa KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, wale ambao babu zetu waliwaita keya. KAR ilipoundwa 1902, batalioni yake ya kwanza na ya pili zilitoka huko Nyasaland. Hata neno la Kichewa la askari, asilikali, utalisikia lina ukoo na letu. Uhuru ulipofika Julai 1964, batalioni ya kwanza ya KAR iligeuzwa jina tu ikawa Malawi Rifles, na maofisa Waingereza wakabaki kwenye nafasi za juu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sisi Tanganyika tulipita njia nyingine kabisa. Askari wetu waliasi Januari 1964, Mwalimu Nyerere akalivunja jeshi lile na kuunda JWTZ upya Septemba, jeshi la wananchi lenye siasa ndani yake. Banda aliliacha jeshi la keya lilivyo: dogo, la kwata na nidhamu, lisilotakiwa kujua siasa. Siasa akaikabidhi kwa kundi lingine.

Kundi hilo liliitwa Malawi Young Pioneers. Lilianza 1963, mwaka uleule wa JKT yetu, na mwanzoni yote mawili yalisaidiwa na wakufunzi kutoka Israel. Shughuli zilikuwa zilezile unazozijua: vijana, jembe, mazao, uzalendo. Lakini baada ya mawaziri wa Banda kumgeuka Septemba 1964, na mmoja wao, Henry Chipembere, kuwaongoza wafuasi wake Februari 1965 kuivamia Fort Johnston, ndiyo hiyohiyo Mangochi ulikoshusha mbolea, Banda hakutaka tena kutegemea bunduki za watu asio na uhakika nao. Pioneers wakapewa silaha, upelelezi, na kinga: polisi hawakuruhusiwa kumkamata Pioneer bila idhini kutoka juu. Wakawa jeshi la pili, na hili la pili lilikuwa la chama.

Ndugu yangu, majeshi mawili katika nchi moja ni kama majogoo wawili katika boma. Walipokutana vilabuni walitazamana kwa chuki. Askari waliokuwa wakipigwa risasi na Renamo kwenye reli waliamini kwamba Pioneers ndio waliokuwa wakiwasaidia Renamo hao kwa mlango wa nyuma. Juni 1993 wananchi walipiga kura ya maoni, na zaidi ya asilimia 60 wakaukataa mfumo wa chama kimoja. Pioneers wakabaki na bunduki zao. Kisha tarehe 1 Desemba, Mzuzu, ugomvi wa baa ukaishia kwa Pioneers kuwaua askari wawili.

Siku mbili baadaye askari wa Lilongwe walitoka kambini bila kungojea amri ya wakubwa. Walilishambulia jengo la makao makuu ya Pioneers, wakaligeukia la chama tawala, halafu wakaenda kambi kwa kambi nchi nzima. Waliiita Operesheni Bwezani. Kwa Kichewa ni amri: rudisheni. Walikuwa wanadai silaha. Pioneers waliobaki walikimbilia Msumbiji, na ndani ya siku chache kundi la miaka thelathini likawa halipo. Halafu, na hapa ndipo huwa nawasimamisha wanafunzi, askari wakarudi kambini. Redio ya taifa ilikuwa wazi, Banda alikuwa mgonjwa na mzee, hakukuwa na mtu wa kuwazuia. Luteni yeyote mwenye tamaa angeweza kusoma tangazo. Hakuna aliyesoma. Mei 1994 uchaguzi ukafanyika, Bakili Muluzi akashinda, na Banda akaondoka kwa kura.

Sisemi walikuwa malaika. Watu walikufa, na silaha zilizoporwa kwenye maghala ya Pioneers zilizagaa zikaja kutumiwa na majambazi. Lakini tangu siku ile jeshi hilo lina kumbukumbu ya kitu lilichokikataa, na katiba mpya ikakiandika: kulinda utaratibu wa kikatiba ni mojawapo ya kazi zake, sambamba na kulinda mipaka.

Kumbukumbu hiyo imetumika mara mbili tangu wakati huo. Aprili 2012 Rais Bingu wa Mutharika alifariki ghafla, na kwa siku mbili hivi baadhi ya mawaziri walicheza na tangazo la kifo chake ili Makamu wa Rais Joyce Banda, waliyekuwa wamegombana naye, asipewe nchi. Mkuu wa majeshi, Jenerali Henry Odillo, alipeleka askari nyumbani kwa makamu. Wakasimama getini, basi. Tarehe 7 mama yule akaapishwa. Mara ya pili ni baada ya uchaguzi wa 2019, ule ambao karatasi zake za matokeo zilisahihishwa kwa wino wa kufutia. Wakati wa maandamano askari walionekana wakitembea pembeni ya waandamanaji, wakati polisi wakirusha mabomu ya machozi. Februari 3, 2020, majaji watano waliofika mahakamani Lilongwe kusoma hukumu ya kuubatilisha uchaguzi huo waliletwa na gari la deraya la jeshi, wamevaa fulana za kuzuia risasi juu ya nguo zao. Mkuu wa majeshi wa wakati huo, Jenerali Vincent Nundwe, aliondolewa mwezi uliofuata, na serikali mpya iliyoingia Juni ikamrudisha kazini mwaka huohuo.

Sasa ukubwa, ambao wewe uliutanguliza na mimi nauweka nyuma kwa makusudi. Ni wadogo. Wanajeshi karibu 10,000 katika nchi ya watu zaidi ya milioni 20, bajeti ya kama asilimia 1 ya pato la taifa. Hawana kifaru, hawana ndege vita. Wana batalioni za askari wa miguu, askari wa miavuli, magari ya deraya machache, helikopta na ndege za usafiri. Kambi kubwa utazikuta Lilongwe, Zomba na Mzuzu, na chuo chao kiko Salima. Kama hujui kambi iko wapi, uliza mpira: Kamuzu Barracks, Red Lions, Moyale Barracks na MAFCO (ya chuo hicho cha Salima) zimekuwa timu za ligi kuu kwa miaka mingi, na ninavyoona mimi, Mmalawi wa kawaida analijua jeshi lake kupitia uwanjani kuliko kupitia gwaride.

Udogo huo una gharama, na gharama yake ilionekana Juni 10, 2024. Ndege ya jeshi aina ya Dornier 228 iliondoka Lilongwe kwenda Mzuzu na Makamu wa Rais Saulos Chilima, waende mazishini Nkhata Bay. Mzuzu ukungu ulikuwa mzito, rubani akashindwa kutua, akaambiwa arudi. Hakufika. Ilianguka katika msitu wa Chikangawa, ile misonobari unayopita nayo ukitoka Mzuzu kuelekea Mzimba, na watu wote 9 waliokuwemo walikufa. Askari waliitafuta kwa miguu usiku kucha kwenye ukungu na baridi, na serikali ililazimika kuwaomba majirani na mataifa makubwa wasaidie vyombo vya kutafutia. Iliwachukua hadi siku ya pili. Jeshi linaloweza kusimama kati ya polisi na waandamanaji lilikuwa halina macho ya kuona ndani ya msitu wake lenyewe. Hayo mawili yote ni kweli kwa pamoja, na mtu asikudanganye kwa moja tu.

Tuje kwa wanamaji wako. Ziwa lile lina urefu wa kama kilomita 580, upana unafika 75, na kina chake panapozidi ni kama mita 700. Mtoto wa Kyela hahitaji kuambiwa upepo wa mwera ukivuma mawimbi yanakuwaje. Katikati ya maji, karibu kabisa na pwani ya Msumbiji, kuna visiwa viwili vya Malawi, Likoma na Chizumulu, ambako watu, unga, walimu na masanduku ya kura vyote hufika kwa meli. Kazi ya vijana wa Monkey Bay ni uokoaji, doria dhidi ya magendo na uvuvi haramu, na kuonekana. Wakati wa kimbunga Freddy, Machi 2023, kilichoua mamia kule kusini, boti za jeshi ziliingia hadi mashambani kuokoa watu juu ya miti na mapaa. Wakati ule JWTZ nayo ilipelekwa na helikopta kusaidia, jambo ambalo watu wa mpakani mnapaswa kulikumbuka mnapozungumzia vita.

Na kama bado unadhani jeshi la majini ziwani ni mchezo, nenda Liuli, mkoani Ruvuma, siku moja. Zamani Wajerumani walipaita Sphinxhaven. Agosti 13, 1914, nahodha Mwingereza aitwaye Rhoades alifika hapo na meli yake, Guendolen, akaikuta meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Akaifyatulia mzinga. Nahodha Mjerumani, Berndt, alikuwa rafiki yake wa kunywa naye, na habari ya vita haikuwa imemfikia. Aliingia kwenye mtumbwi, akapiga makasia hadi kwenye meli akiwa amefura, akamuuliza mwenzake kama amelewa. Akachukuliwa mateka palepale. Hiyo inahesabiwa kuwa moja ya mapigano ya kwanza kabisa ya majini katika Vita Kuu ya Kwanza, na ilitokea kwenye maji yenu, si Bahari ya Kaskazini.

Kuhusu mpaka wenyewe, hoja mbili zinajulikana. Malawi inashika mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa Julai 1, 1890, unaoupitisha mpaka ukingoni mwa ziwa upande wetu, kwa hiyo maji yote yanakuwa yao hadi ufukweni Kyela, Ludewa na Nyasa. Tanzania inashika kanuni kwamba mpaka katika ziwa hupita katikati, kama ulivyo mpaka wa Malawi na Msumbiji tangu Waingereza na Wareno walipokubaliana 1954. Nyerere aliliibua rasmi 1967, Banda akawaka. Likalala, likaamka 2011 Malawi ilipotoa leseni za kutafuta mafuta ziwani, na 2012 wanasiasa wa pande zote walipandisha sauti hadi wavuvi wa Matema wakaogopa kutoka. Likapelekwa kwa marais wastaafu chini ya Joaquim Chissano, aliyekuwa rais wa Msumbiji, na mpaka leo halijafungwa.

Je, litaleta vita? Naona hapana, na sababu yangu inarudi kwenye lori lako. Mwaka 2012 maneno yalipokuwa makali zaidi, malori ya mafuta na mbolea yaliendelea kutoka Dar kwenda Lilongwe. Jeshi la Malawi linajua hesabu: hata kama lingeweza kushikilia ufukwe wowote, na haliwezi, siku risasi ya kwanza ikilia njia ya Dar inafungwa. Ukitaka kuona silaha inayotisha huko, kumbuka Aprili 2025. Malawi ilikuwa imezuia mchele, unga, tangawizi, ndizi na mahindi kutoka nje, na Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi yasiingie. Zuio halikudumu, mazungumzo yakafanyika. Lakini kwa siku zile chache, tamko la waziri wa kilimo lilifanya kazi ambayo batalioni isingeweza. Ninyi wa Kasumulu mlishuhudia ndizi zikiozea kwenye magari, na hakuna askari aliyesogea.

Kuna sababu nyingine, na hii haimo kwenye ramani. Askari wa nchi hizi mbili wamezikana. Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda brigedi ya kushambulia waasi mashariki mwa Kongo, kama askari 3,000 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa JWTZ. Kabla ya mwaka kwisha waasi wakuu, M23 wa wakati ule, walikuwa wameshindwa. Kwa Malawi hiyo ilikuwa kazi na mapato pia, maana Umoja wa Mataifa hulipa serikali zaidi ya dola 1,400 kwa mwezi kwa kila askari, na mwanajeshi wa cheo cha chini anayerudi Kongo hujenga nyumba.

Novemba 2018, karibu na Beni, brigedi hiyo ilikuwa ikiwashambulia waasi wengine, ADF, wenye asili ya Uganda. Koplo mmoja wa Tanzania alijeruhiwa vibaya, hawezi kutembea, risasi zinanyesha. Askari wa Malawi, Chancy Chitete, cheo chake cha chini kabisa, alirudi alipolala koplo yule, akamburuta hadi penye kinga, akaanza kumfunga jeraha. Hapo akapigwa yeye. Mtanzania alipona. Chitete alikufa, pamoja na Wamalawi wenzake watano, katika operesheni ile. Mei 2019 mjane wake alipokea New York nishani ya Umoja wa Mataifa ya ushujaa wa kipekee, ile yenye jina la Kapteni Mbaye Diagne, Msenegali aliyeokoa watu Rwanda 1994. Katika kambi zetu habari hiyo inajulikana vizuri, na ofisa atakayewaambia vijana wake leo kwamba Mmalawi ni adui atakuwa na kazi ngumu.

Walirudi Kongo tena Desemba 2023 chini ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, nchi tatu zilezile, safari hii kukabili M23 waliorudi na nguvu. Haikwenda kama 2013. Januari 2025 Goma ilipoanguka, Afrika Kusini ilipoteza askari 14, Malawi 3 na Tanzania 2. Februari serikali ya Malawi ikaamuru wanajeshi wake wajiandae kuondoka, na Machi SADC ikaufunga ujumbe wote. Askari waliokuwa wamekwama kambini walitoka kwa barabara kupitia Rwanda hadi Chato, kwetu, ndipo wakapangiwa safari za kwenda makwao. Nchi isiyo na bahari, hata kuwarudisha askari wake nyumbani inahitaji kibali cha jirani.

Kwa hiyo ninyi wa Kyela mjiandae na nini? Na Mto Songwe. Kila mafuriko makubwa unahama kidogo, shamba la mtu linajikuta nchi nyingine, na nchi zote mbili zina mradi wa pamoja wa kuutuliza. Ugomvi wa mpakani ninaouona ukikaribia ni wa mashamba, nyavu na ushuru. Ukimkuta askari wa Malawi ziwani, atakuwa anamkamata mvuvi mwenye nyavu za matundu madogo. Kama ni ndugu yako, mwambie abadilishe nyavu.

Nimebakiza Moyale. Julai 1940 Waitaliano waliokuwa Ethiopia waliizingira ngome ya Waingereza pale Moyale, mpakani na Kenya. Waliokuwa ndani walikuwa keya wa batalioni ya kwanza, vijana wa Nyasaland. Walishikilia ngome ile wiki mbili, maji yakiwaishia, kisha usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 wakatoka gizani kimyakimya wakapita katikati ya waliowazingira. Waliporudi kwao walirudi na jina, na ndilo liko langoni Mzuzu, zaidi ya kilomita 1,600 kutoka Moyale yenyewe. Ukipata mzigo wa kwenda kule kaskazini mwa Kenya, waambie wenyeji kwamba kuna Moyale nyingine inayocheza mpira Malawi. Watakucheka kama ulivyowacheka wale wanamaji.